Kufuatilia INR ukiwa kwenye wafarini, hata kama unaishi mbali na Mulago

Mtu akitoka Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago na valvu ya chuma kifuani, au akiruhusiwa kutoka wodini Arua baada ya kupata donge la damu mguuni, mara nyingi anarudi nyumbani na kidonge kidogo kiitwacho wafarini, cha kuzuia damu isigande ovyo. Kidonge hiki hakina dozi ya watu wote. Ndugu wawili wa tumbo moja, wenye uzito uleule, mmoja anatosheka na miligramu 3 kwa siku na mwingine anahitaji 9. Dawa ikipungua, donge linajijenga kwenye valvu au ndani ya moyo, na likichomoka likapanda kichwani mtu anapata kiharusi. Dawa ikizidi, damu inavuja tumboni au kwenye ubongo. Kinachoonyesha uko upande gani ni kipimo cha maabara kiitwacho INR: namba ikipanda, damu inachelewa zaidi kuganda.

Haya nimewaandikia mgonjwa na anayemuuguza, na pia sista na mtu wa maabara walio katika hospitali ndogo, ambako daktari wa moyo hayupo. Ninalosisitiza ni moja: INR peke yake, bila dozi na bila habari ya kilichobadilika tangu kipimo kilichopita, haimsaidii mtu. Makosa mengi huingia kabla damu haijafika kwenye mashine, na mengine baada ya karatasi ya majibu kutoka.

Wengine huuliza kwa nini wasipewe dawa mpya zisizohitaji INR, kama rivaroksabani. Kwa donge la mguuni, dawa hizo zinafaa wengi wakizipata na kuzimudu. Lakini Uganda wagonjwa wengi wa wafarini ni vijana, na hasa wanawake, ambao moyo wao uliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni. Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, uliofuata wagonjwa wa namna hiyo zaidi ya 4,500 katika Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulionyesha kwamba waliotumia dawa za kundi la wafarini walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroksabani. Kwa wenye valvu za chuma, jaribio la dabigatrani, nyingine kati ya dawa hizo mpya, lilisitishwa kabla ya muda wake, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha madonge mengi zaidi na kutokwa damu zaidi kuliko kwa wafarini. Kwa watu hawa wafarini bado ndiyo dawa, na INR haikwepeki.

Utasikia pia mtaani kwamba wafarini ni sumu ya panya. Ni kweli iliuzwa kwa kazi hiyo tangu mwaka 1948, kisha ikakubaliwa kwa matibabu ya binadamu mwaka 1954. Kinachotenganisha matumizi hayo mawili ni dozi inayopimwa, kwa hiyo neno hilo lisimfanye mtu aache dawa.

Hatua ya 1: Toka wodini ukiijua namba yako

Mtu asiyetumia dawa ana INR ya karibu 1. Mwenye donge mguuni au kwenye mapafu, na mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kwa kawaida hulenga kati ya 2.0 na 3.0. Mwenye valvu ya chuma upande wa mitrali, yaani kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, hulenga juu kidogo, 2.5 hadi 3.5. Daktari anaweza kukuwekea lengo jingine kulingana na aina ya valvu na mahali ilipo. Usiondoke kabla mambo haya hayajaandikwa: sababu ya dawa, namba unayolenga, dawa ni ya miezi mingapi au ni ya maisha, na simu ya kliniki.

Hatua ya 2: Tenga kurasa za wafarini kwenye daftari

Hapa kwetu mgonjwa hununua daftari la shule, na kila daktari anaandika humo. Shida ni kwamba INR ya Machi inakaa katikati ya maelezo ya malaria na dawa ya vidonda vya tumbo, na hakuna anayeiona tena. Anza na kurasa za nyuma, ziwe za wafarini tu. Kila mstari uwe na tarehe, INR, maabara iliyopima, dozi ya wiki nzima kwa miligramu, kilichobadilika, na tarehe ya kurudi. Ukurasa mzuri unasomeka hivi:

12 Machi. INR 2.4. Maabara ya hospitali ya rufaa. Miligramu 35 kwa wiki, yaani 5 kila siku. Hakuna jipya. Rudi 9 Aprili.
9 Aprili. INR 1.3. Maabara ileile. Miligramu 35 kwa wiki. Ameanza dawa za TB tarehe 20 Machi.

Mstari huo wa pili nitaurudia mbele, kwa sababu maneno yake ya mwisho ndiyo yanayoeleza namba.

Andika miligramu, usiandike "kimoja na nusu". Kuna vidonge vya miligramu 1, vya 3 na vya 5, na rangi hubadilika kufuatana na kiwanda. Aliyezoea kimoja na nusu cha 3 akipewa cha 5, anakunywa 7.5 badala ya 4.5 na hana habari. Soma namba iliyo kwenye pakiti kila unapochukua dawa mpya.

Meza dawa jioni, saa ileile kila siku. Sababu ni ya kimaabara: ukipima asubuhi na majibu yakatoka mchana, dozi ya jioni hiyohiyo inaweza kurekebishwa. Mwezi wa Ramadhani, hamishia dozi kwenye futari na uendelee hivyo hadi mwezi uishe.

Hatua ya 3: Panga tarehe kwa kufuata tabia ya dawa

Wafarini haigusi damu iliyopo mwilini. Inazuia ini kutengeneza vigandishi, yaani protini za kugandisha damu, vinavyohitaji vitamini K. Kigandishi namba VII hupungua ndani ya saa chache, na INR inapanda mapema kwa sababu yake. Protrombini, kigandishi ambacho kupungua kwake ndiyo kinga hasa dhidi ya madonge, huchukua siku kadhaa kupungua. Kwa hiyo INR ya 2.1 siku ya tatu isikudanganye. Aliyeanza na sindano za kuzuia damu kuganda, yaani heparini au enoksaparini, aendelee nazo pamoja na vidonge kwa siku zisizopungua 5, na hadi INR ikae 2 au zaidi kwa muda wa saa 24.

Pima siku ya tatu, kisha kila baada ya siku mbili au tatu mpaka upate majibu mawili mfululizo ndani ya lengo. Baadaye pima kila wiki, kila wiki mbili, halafu kila mwezi. Aliyetulia kwa muda mrefu bila kubadilishiwa dozi anaweza kuachiwa hadi wiki 12, ila mimi nisingependa mwenye valvu ya chuma afike huko katika mazingira yetu, ambako dawa za duka la pembeni zinaingia na kutoka bila mtu kuandika. Dozi ikibadilishwa, usipime kesho yake. Mabadiliko yanaanza kuonekana siku ya pili au ya tatu, na picha kamili inakuja kati ya siku ya 5 na ya 7.

Kama unachomwa penisilini kila wiki tatu au nne kwa ajili ya homa ya baridi yabisi, unganisha safari. Pima INR kwanza, upate majibu, ndipo uchomwe. Sindano ya takoni wakati INR imepitiliza inaweza kujaza damu ndani ya msuli. Baada ya sindano, bonyeza mahali pale kwa dakika kadhaa, usipasugue.

Hatua ya 4: Piga simu kabla ya kupanda gari

Vituo vingi vya afya vya ngazi ya tatu na ya nne havipimi INR. Hospitali za rufaa za mikoa na maabara binafsi za mijini ndizo unazoweza kutarajia, na hata hizo huishiwa. Uliza swali hili hasa: "Kitendanishi cha INR kipo leo, na majibu yatatoka leo?" Ukishapata maabara inayoaminika, baki nayo. Namba ya maabara moja ikifuatana na namba ya maabara nyingine huleta mashaka ambayo hayana msingi. Walio Busia wanaovuka mpaka kupima upande wa pili waandike hivyo kwenye daftari.

Hatua ya 5: Simamia damu inavyotolewa

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, maana hapa ndipo namba nyingi zinapoharibikia.

Tyubu ya INR ina kofia ya buluu na ndani yake kuna maji kidogo ya sitreti ya asilimia 3.2, dawa inayozuia damu isigande ndani ya tyubu. Imepimwa kwa uwiano wa sehemu 9 za damu kwa sehemu 1 ya sitreti: kwenye tyubu ya kawaida, mililita 2.7 za damu kwa 0.3 za sitreti. Itazame tyubu ikiwa wima mezani. Kuna mstari ubavuni. Damu ikifika kwenye mstari, sawa. Ikiishia nusu, sitreti imekuwa nyingi kuliko damu, plazima (maji ya damu) inachelewa kuganda kwa sababu ya sitreti na si kwa sababu ya wafarini, na INR inatoka juu kuliko ilivyo. Daktari akiiona 4.2 atapunguza dawa ambayo ilikuwa sawasawa. Mgonjwa ana haki ya kusema, "Sista, naona haijafika kwenye mstari, naomba tuchukue nyingine." Sista mzuri hatakasirika.

Kwa anayetoa damu: mpira wa kufunga mkono usikae zaidi ya dakika moja. Chukua tyubu ya buluu kabla ya ile ya zambarau, kwa sababu dawa iliyo katika ile ya zambarau ikiingia huku inavuruga kipimo. Ukitumia sindano ya kipepeo, chukua kwanza tyubu ya kutupa, maana hewa iliyo kwenye mpira wake inaiba nafasi ya damu. Usichukue kwenye mkono wenye dripu, wala kwenye mrija uliosafishwa kwa heparini. Geuza tyubu polepole mara tatu au nne, usiitikise. Andika jina, tarehe na saa palepale kando ya mgonjwa.

Kwa wagonjwa wa moyo kuna jambo moja linalosahaulika. Watoto na vijana waliozaliwa na kasoro ya moyo, wale wenye midomo na kucha za buluu, huwa na damu nzito sana. Hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu, ikizidi asilimia 55, plazima ni kidogo na sitreti ya kawaida inazidi. Maabara iarifiwe mapema iandae tyubu yenye sitreti iliyopunguzwa.

Sampuli ikisafiri, tuseme kutoka Koboko hadi Arua kwa pikipiki, hesabu saa. Kwa INR, tyubu ambayo haijafunguliwa huvumilia hadi saa 24 kwenye joto la kawaida la chumba. Usiiweke kwenye friji wala juu ya barafu, kwa sababu baridi huamsha kigandishi namba VII na kuharibu majibu. Usiiache pia kwenye jua juu ya tangi la pikipiki. Kisanduku kisicho na barafu, kivulini, kinatosha.

Hatua ya 6: Kwa mwenzangu wa maabara

Kabla ya kuzungusha, angalia kama kuna donge, kwa kijiti cha mbao ikibidi. Sampuli iliyoganda haipimwi, hata kama mgonjwa ametoka wilaya ya Moyo au ya Yumbe alfajiri. Mweleze kwa upole na umchukue damu tena.

Mashine inapima sekunde ambazo plazima inatumia kuganda inapokutana na tromboplastini na kalsiamu kwenye nyuzi 37. Sekunde hizo hugawanywa kwa wastani wa watu wenye afya, na jibu linapandishwa kwa kipeo kiitwacho ISI, ambacho kimeandikwa kwenye karatasi ya kila shehena ya kitendanishi. Tuseme mgonjwa ametumia sekunde 24 na wastani ni 12. Uwiano ni 2. ISI ikiwa 1.0, INR ni 2.0. ISI ikiwa 1.4, INR ni 2.6. Boksi jipya likifunguliwa na ISI ya zamani ikabaki kwenye mashine, kila mgonjwa wa siku hiyo anapata namba isiyo yake, na hakuna dalili yoyote kwenye karatasi. Kila shehena mpya, badilisha ISI, weka wastani mpya uliopatikana kwa watu wenye afya wasiopungua 20, kisha pima kontroli ya kawaida na ya juu kabla ya mgonjwa wa kwanza.

INR ikizidi 4.5, usiipeleke kwenye trei ya majibu. Piga simu wodini au kwa mgonjwa, na uandike uliyeongea naye.

Vimashine vya kuchoma kidole vinafaa sana kliniki za mbali. Osha na ukaushe mkono, choma, na uweke tone la kwanza kwenye kistripu mara moja bila kukamua kidole kwa nguvu. Namba ikizidi 4 au 4.5, ihakikishe kwa damu ya mshipa. Pia usiitegemee kwa mwenye upungufu mkubwa wa damu, ambaye hematokriti yake imeshuka chini ya asilimia 25.

Hatua ya 7: Uliza kwanza, ndipo ubadilishe dozi

Turudi kwenye ule mstari wa 9 Aprili, INR 1.3. Mazungumzo ya kliniki yangekuwa hivi:

"Mzee, vidonge vya jioni umemeza vyote?"
"Vyote, sista. Mwanangu ndiye ananipa."
"Kuna dawa nyingine uliyoanza?"
"Zile za kifua tu, za TB. Zinafanya mkojo kuwa mwekundu."

Hiyo ni rifampisini. Inaliamsha ini lichome wafarini haraka, na dozi huenda ikahitaji kuongezwa mara mbili au zaidi, hatua kwa hatua, huku INR ikipimwa kila wiki. Hatari kubwa zaidi iko mwisho wa miezi ile sita. Rifampisini ikiachwa, ini linarudi kwenye mwendo wake taratibu kwa wiki kadhaa, na dozi ile kubwa sasa inakuwa nyingi mno. Siku ya mwisho ya dawa za TB iandikwe kwenye ukurasa wa wafarini tangu siku ya kwanza.

Upande wa pili wako flukonazoli, metronidazoli na septrini, ambazo hupandisha INR ndani ya siku chache. Septrini wengi wanaoishi na VVU huipata kliniki, kwa hiyo iulizwe kwa jina. Dawa yoyote mpya ikiingia au kutoka, pima ndani ya siku 3 hadi 7. Kwa maumivu, panadoli ndiyo salama kuliko nyingine, ingawa ikimezwa dozi kamili siku nyingi mfululizo nayo hupandisha INR. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini usinunue dukani. Dawa za mitishamba ziandikwe kama nyingine.

Chakula kina sehemu yake. Mboga za majani kama dodo, nakati, bugga na sukuma wiki zina vitamini K nyingi, na hushusha INR. Usiziache, ni chakula kizuri na ndicho kilichopo. Kinachotakiwa ni kula kiasi kinachofanana wiki kwa wiki. Matoke, muhogo na mchuzi wa karanga havina shida kubwa. Homa ya siku kadhaa, kuhara au kukosa hamu ya kula hupandisha namba, na pombe nyingi, waragi hasa, huipeleka huku na kule.

Kama hakuna sababu iliyopatikana, anayeandika dozi afanye hesabu kwa wiki, si kwa siku. Mtu aliyekuwa ametulia, INR yake ikitoka nje ya lengo mara moja kwa 0.5 au chini ya hapo, aachwe na dozi yake na apimwe tena baada ya wiki moja au mbili. Ikiwa imeshuka kweli, ongeza asilimia 5 hadi 10 ya dozi ya wiki: miligramu 35 zinakuwa 37.5, yaani 5 kila siku isipokuwa siku moja 7.5. Mwenye valvu ya chuma ambaye INR iko chini sana, mpigie daktari wa moyo siku hiyohiyo. INR kati ya 4.5 na 10 bila kutokwa damu, simamisha dozi moja au mbili, tafuta sababu, pima tena baada ya siku moja au mbili. Ikizidi 10, hata kama hakuna damu inayotoka, apewe pia vitamini K ya kumeza. Mgonjwa asijipunguzie wala kujiongezea mwenyewe. Ukisahau dozi ya jioni na umekumbuka usiku huohuo, meza. Ukikumbuka kesho, iache na usimeze mbili.

Hatua ya 8: Vipimo vingine, na mimba

Mara kwa mara pima hemoglobini, figo na ini. Damu inayovuja polepole tumboni huonekana kwenye hemoglobini kabla mgonjwa hajaona choo cheusi. Aliye kwenye heparini ya dripu hafuatiliwi kwa INR bali kwa kipimo kingine cha kuganda kwa damu kiitwacho aPTT, saa 6 baada ya kila mabadiliko, na chembe sahani (chembe zinazosaidia damu kuganda) ziangaliwe hasa kati ya siku ya 5 na ya 10.

Kwa dada na mama wa umri wa kuzaa: wafarini inaweza kumdhuru mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya mimba. Zungumza uzazi wa mpango na daktari mapema. Hedhi ikichelewa, pima mimba siku hizohizo na uende kliniki ukaelekezwe. Lakini usiache dawa mwenyewe nyumbani, maana valvu ya chuma bila dawa inaweza kuziba.

Hatua ya 9: Ukiona damu, au ukianguka

Choo cheusi kama lami, mkojo wa damu, fizi au pua kutoka damu isiyokoma, kichwa kuuma ghafla na vibaya, upande mmoja wa mwili kulegea: nenda hospitali sasa, usingoje tarehe. Ukianguka na boda ukagonga kichwa, nenda hata kama unajisikia mzima, kwa sababu damu ndani ya fuvu huweza kuchelewa kuonekana. Neno la kwanza mapokezi liwe, "Natumia wafarini." Waombe INR, hemoglobini na kundi la damu kwa pamoja, na wasichome sindano ya msuli.

Damu ikiwa nyingi, daktari hutoa vitamini K miligramu 5 hadi 10 polepole kwenye mshipa, pamoja na plazima au vigandishi vilivyokolezwa kama vipo, kisha INR inarudiwa. Kwa mwenye valvu ya chuma, vitamini K nyingi hufanya wafarini isishike kwa siku kadhaa baadaye, na huenda akahitaji heparini katika kipindi hicho damu ikishakoma. Kiasi alichopewa na saa aliyopewa viandikwe, na kliniki yake ya moyo ipigiwe simu kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani.